Seti ya maonyesho ya Sanda ya Torino: kitambaa safi, mabango ya historia yana walakini

Sanda ya Torino ni kitambaa cha kitani chenye picha ya mwili wa mtu, ambacho wengi huamini ndicho alichozikiwa Yesu. Seti hii imetengenezwa kwa ajili ya parokia na shule: kitambaa kilichochapwa Sanda nzima kwa ukubwa wake, ubao wenye picha hasi ya uso (mwanga na giza vikiwa vimebadilishana), mabango sita ya historia na kijitabu cha mwongozaji. Naipa nyota tatu. Kitambaa peke yake ningekipa tano, lakini bango la nne na la tano, yanayoeleza ilikotoka na wamiliki wake wa kwanza, yameniangusha.

Kitambaa kina urefu wa mita 4.4 na upana wa 1.1, kama Sanda yenyewe ilivyo. Picha mbili za mwili, mbele na mgongoni, zimekutana kichwa kwa kichwa. Kwa nakala yoyote mimi huanza na matundu. Sanda iliungua Chambéry mwaka 1532, na mwaka 1534 watawa Waklara wakaitia viraka, vingi vya pembetatu. Viraka hivyo viliondolewa mwaka 2002, kwa hiyo nakala yenye viraka imetokana na picha za zamani. Hii haina. Angalia pia matundu madogo yaliyojipanga kama herufi L: hayatokani na moto ule, kwa sababu yamo kwenye nakala ya mwaka 1516 iliyoko Lier, Ubelgiji. Hapa yanaonekana vizuri.

Kitundike kikiwa kimelala, upande mrefu juu. Pindo lina nafasi ya kupitisha bomba, na bomba la mita 5 linatosha. Usishikilie ncha mbili tu: poliesta hulegea katikati, na katikati ndipo vichwa vilipo, kwa hiyo uso ndio unaopinda wa kwanza. Weka ndoano ya tatu pale. Taa itoke mbele kwa pembeni, na watu wasimame kama mita 3 kutoka kitambaani. Ukisogea karibu sana picha inapotea machoni, na hapo wageni wataanza kusema hawaoni kitu. Ubao wa picha hasi, unaotaja picha ya mwaka 1898 ya Secondo Pia, mtu wa kwanza kuipiga Sanda picha kwa kamera, uwe baada ya kitambaa, si kabla.

Sasa mabango. La nne linaanza vizuri, Lirey karibu na Troyes, Ufaransa, miaka ya 1350, kwa Geoffroi de Charny, yule mpiganaji aliyeuawa Poitiers mwaka 1356. Limeweka hata picha ya beji ya mahujaji ya risasi iliyookotwa mto Seine mwaka 1855, ambayo sasa iko makumbusho ya Cluny, Paris. Ikuze picha hiyo. Beji inaonyesha kitambaa chenye miili miwili pamoja na ngao za ukoo wa Charny na wa mkewe, Jeanne de Vergy. Kuhusu mmiliki wa kwanza anayejulikana, sijui ushahidi unaoshikika kuliko huo.

Kisha bango linamtaja Pierre d'Arcis, askofu wa Troyes aliyepinga Sanda ionyeshwe, na kusema aliona wivu tu. Hapana. Waraka wake wa mwaka 1389 unadai kwamba mtangulizi wake, Henri de Poitiers, alichunguza na kumgundua mchoraji. Clement VII, papa wa upinzani aliyekuwa Avignon, aliruhusu mwaka 1390 ionyeshwe kwa sharti itangazwe kuwa ni mfano, si sanda yenyewe. Ukiyaficha haya, mgeni mmoja aliyesoma atayatoa mbele ya watu wote. Vipimo vya kaboni vya kutafuta umri wa kitambaa, vya mwaka 1988, vilivyotoa kati ya miaka ya 1260 na 1390, navyo vimo kijitabuni tu, wakati vinaingiliana kabisa na tarehe za Lirey. Wanaovipinga husema kipande kilikatwa kwenye pembe iliyorekebishwa. Weka hoja zote mbili ukutani.

Bango la tano ndilo bovu hasa: mshale mmoja mwekundu, bila kukatika, kutoka Edessa hadi Lirey. Kitambaa cha Edessa (leo Urfa, Uturuki), kilichoaminiwa kuwa na uso wa Yesu, kilifika Konstantinopoli mwaka 944, hilo halina shida. Kwamba kilikuwa Sanda iliyokunjwa uso ukabaki nje ni nadharia aliyoivumisha Ian Wilson mwaka 1978. Robert de Clari, askari wa Krusedi aliyekuwepo Konstantinopoli ilipotekwa 1204, anataja sanda yenye sura katika kanisa la Blachernae, na kitambaa cha uso katika kanisa la jumba la mfalme. Vitu viwili, mahali pawili! Kuhusu ile ya Blachernae anasema hakuna aliyejua ilikoishia. Kutoka hapo hadi Lirey ni kama miaka 150 bila hati. Wanaosema ilipitia kwa Othon de la Roche, mpiganaji wa Krusedi aliyetawala Athens, huegemea nasaba ya Jeanne de Vergy. Wanaosema ilipitia kwa Watemplari, shirika la watawa wapiganaji wa Krusedi, huegemea Geoffroi de Charney, mmoja wao aliyechomwa Paris mwaka 1314. Bango linamwita mjomba wa yule wa Lirey, na undugu huo haujathibitishwa. Wenyewe wa ukoo wa Charny wa Lirey hawakukubaliana: mwana alidai baba alipewa kwa hiari, mjukuu Marguerite alidai babu aliipata vitani.

Tiba yake ni stika nyeupe. Kata mshale baada ya 944 na baada ya 1204, andika «nadharia» kwenye nafasi hizo, na ufunike neno «mjomba». Bango la sita (Marguerite kuwapa watawala wa ukoo wa Savoy 1453, kuhamia Torino 1578, Umberto II, mfalme wa mwisho wa Italia, kumwachia papa 1983) liache lilivyo.

Kuhifadhi: viringisha kitambaa kwenye bomba la plastiki, picha ikitazama nje, usikikunje. Mikunjo ikishaingia usoni, pasi ya moto mdogo upande wa nyuma huipunguza lakini haiimalizi. Muuzaji wangu hukubali kuuza kitambaa na ubao bila mabango ukiomba kabla ya oda. Kama una mtu wa kuchapa karatasi za A1, nunua hivyo.