Riwaya za uchawi wa ukoo: kabla hujalipa, uliza ni kitabu cha ngapi

Wasomaji wa Mbeya, Iringa na Njombe wanalalamika jambo moja. Mtu anaagiza kitabu Dar, kifurushi kinakuja na basi, anafungua ukurasa wa kwanza anakuta watu wanaomboleza msiba asioujua. Kauziwa kitabu cha pili. Riwaya ya upelelezi ungevumilia. Kwenye uchawi wa kurithi huwezi, kwa sababu siri ya bibi ndiyo hadithi yenyewe. Ukishajua nani karithi nini, kitabu cha kwanza hakina tena cha kukupa.

Katika orodha yangu, namba moja ni Akata Witch ya Nnedi Okorafor (2011), na sioni cha kushindana nacho. Sunny ana miaka 12, ana ualbino, kazaliwa Marekani, anaishi Nigeria. Uwezo wake umetoka kwa bibi mzaa mama, ambaye nyumbani hataki kutajwa na mtu. Kila anapojifunza jambo jipya, sarafu ziitwazo chittim humdondokea toka hewani. Anayeteka watoto kwa ajili ya kafara ndiye adui wa kitabu kizima. Kwa msomaji aliyekulia Rungwe akisikia habari za ndagu, uchawi wa kutafuta mali kwa kumtoa kafara ndugu, hapo ndipo pa kuketi na kusoma taratibu: humu mtu hutajirika kwa kujifunza, hamtoi ndugu yake.

Sasa mtego wenyewe. Kitabu hichohicho kinauzwa pia kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Cha pili, Akata Warrior, kina jina lingine: Sunny and the Mysteries of Osisi. Wapo waliolipia majina mawili wakidhani wamepata vitabu viwili. Mwombe muuzaji picha tatu: jalada la mbele, maelezo ya nyuma, na ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina, wenye mwaka na mchapishaji. Ukikuta maelezo ya nyuma yanasema Sunny ndiyo kwanza anagundua uwezo wake, hicho ni cha kwanza, jalada liandikwe lolote. Cha tatu ni Akata Woman (2022).

Namba mbili ni ukoo wa Owens wa Alice Hoffman. Vitabu ni vinne, na vitatu vya kwanza vimeandikwa kinyumenyume: Practical Magic (1995), The Rules of Magic (2017), Magic Lessons (2020), The Book of Magic (2021). Kwa umri wa matukio, cha 2020 ndicho cha mwanzo kabisa, kinarudi karne ya 17. Hata hivyo anza na cha 1995. Humo shangazi wawili ni wazee wa kuogopwa. Ukifika cha 2017 unawakuta wasichana, na kila walichokuwa wakikificha kinafunguka. Cha 2021 kisitangulie kwa vyovyote.

A Discovery of Witches ya Deborah Harkness (2011) inafuata. Diana Bishop anaukataa uchawi wa wazazi wake hadi hati ya kale inapomfikia mikononi maktabani Oxford. Ni kinene, na mwisho wake unakuacha njiani. Usikinunue kama huna uhakika wa kupata Shadow of Night na The Book of Life.

Nakala za kudurufu: hesabu kurasa, ukutane na namba zilizoruka ukiwa bado dukani. Zaidi ya hapo sina la kuzisifia.

Kinachoudhi ni wauzaji. Ukiuliza kama ni cha kwanza, jibu ni “kinajitegemea tu, dada.” Wanakivisha nailoni usikifungue, kisha vitabu vitatu vilivyosafiri boksi moja hadi Mbeya unatozwa nauli ya kila kimoja. Dai nauli ya boksi. Na kabla pesa haijatoka kwenye simu, akuandikie kwa meseji: kitabu cha ngapi, na kikija kingine atakibadilisha kwa nauli yake.