Wifi yangu, kozi iliyomshinda na darasa lililomfaa

Wifi yangu ametoka Ruyigi, Burundi. Kaka yangu ni dereva wa malori ya kwenda Bujumbura; alimwoa huko akamleta Dodoma, tunaishi naye nyumba moja Chang'ombe. Alikuja na Kirundi chake tu. Shule aliiacha hata mwaka wa kwanza haujaisha, kwa hiyo Kirundi chenyewe pia hakujua kukisoma. Naandika kwa sababu nilihangaika kumtafutia pa kusoma, mara ya kwanza nikakosea, na najua wapo mjini hapa wenye mke, mkwe au msaidizi wa nyumbani mwenye hali hiyohiyo.

Nilianza na kozi ya Kiswahili kwa wageni. Ni ya jioni, ada shilingi 90,000 kwa mwezi. Mwalimu mpole, lugha anaijua sawasawa, sina neno naye. Ila siku ya kwanza tu kila mmoja alipewa kitabu, na ubaoni pakachorwa jedwali la ngeli. Wenzake walikuwa watu wa mashirika, wameshasoma lugha tatu nne huko kwao. Wao waliandika. Wifi alikaa saa nzima ameshika kalamu. Wiki ya pili akawa anaumwa kichwa kila ikifika saa kumi na moja. Wiki ya tatu akaniambia kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Wifi, kichwa yangu mbovu."

Neno hilo linaniuma mpaka leo. Huyu ndiye aliyekuwa akinisaidia kuuza karanga sokoni Sabasaba bila kupotea hata shilingi mia: noti ya elfu kumi anaijua kwa tembo, ya elfu tano kwa faru, ya elfu mbili kwa simba. Kichwa kizima kabisa. Alikuwa anafundishwa lugha asiyoijua kwa maandishi asiyoyajua, na hakuna aliyemuuliza, hata mimi niliyemwandikisha sikuuliza, kama kalamu amewahi kuishika.

Darasa la pili nililipata kwa kuuliza shule ya msingi ya jirani, ambako alasiri watu wazima hufundishwa chini ya MUKEJA, mpango wa serikali wa elimu ya watu wazima. Nilimkumbuka bibi yangu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi alikuwa miongoni mwa waliojifunza kusoma kule Bahi miaka hiyo, chini ya mti, naye nyumbani kwake ni Kigogo kitupu. Vitabu vya kisomo vya wakati ule viliandikwa kufuata kazi za watu: penye pamba wanasoma pamba, penye uvuvi wanasoma samaki. Bibi alijifunza Kiswahili na herufi pamoja, na akaweza. Ndiyo maana nilikwenda na matumaini.

Mwalimu ni mama mstaafu. Wiki tatu za mwanzo wifi na wenzake wawili, naye mmoja ni Mkongo, hawakuandika kitu. Aliweka mezani nyanya, kisu, sufuria, ndoo ya maji. "Nipe nyanya mbili." "Kisu kiko wapi?" "Kiweke chini." Ngeli zile zilizomtoa machozi jioni, hapa zilimwingia kwa mkono. Halafu mwalimu akawaomba wamtajie vitu kwa lugha za kwao. Wifi akasema amazi, inyama, umuntu, amenyo. Darasa zima likageuka kumtazama: maji, nyama, mtu, meno! Hata kusoma na kuandika, kwao ni gusoma na kwandika. Alirudi nyumbani siku hiyo anasema peke yake jikoni.

Herufi zilianza na maneno ambayo mdomo umeshayazoea. Maji: ma, ji. Ma me mi mo mu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtu akizishika silabi kumi na tano hivi tayari ana maneno ya kusoma. Kilichomsumbua ni l na r, maana Kirundi hakina l. Aliandika "kura" akitaka "kula", "rara" akitaka "lala". Mwalimu hakumcheka. Alimwambia ashike ncha ya ulimi aone inagusa wapi.

Kingine nilichokipenda ni vitu vya kusomea. Kadi ya kliniki ya mtoto. Bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x3. Ujumbe wa pesa kwenye simu. Na kanga. Mwaka juzi wifi alikwenda kumsalimia mama amevaa kanga mpya yenye maua mazuri, imeandikwa "Mtasema mchana usiku mtalala". Mama alinyamaza siku mbili, akidhani amepelekewa ujumbe. Sasa wifi akienda Majengo kununua doti, anaikunjua kwanza mpaka kwenye jina, anasoma polepole kwa sauti, muuzaji anasubiri. Na kwenye fomu zake za kibali hatii tena dole gumba, anaweka sahihi.

Kasoro zipo. Mvua zikianza Desemba nusu ya darasa wako shamba, na aliyerudi Aprili anaanza nyuma. Hakuna wa kushika watoto, kwa hiyo wenye vichanga husoma huku wananyonyesha. Mzee mmoja alihesabiwa mzito wa kuelewa miezi miwili, kumbe haoni ubao. Alipopata miwani akawapita wengi. Naomba waandaaji wapime macho siku ya kuandikisha. Gharama kwetu ilikuwa daftari, penseli na mchango wa chaki.

Miezi tisa sasa. Wifi anasoma, ila baada ya hapo hakuna darasa la kuendelea, na vitabu vyepesi tunavyopata ni vya watoto, vya sungura na fisi. Anavisoma kwa heshima, anavirudisha. Juzi ameniuliza kama kipo cha maneno mafupi kuhusu kukamua alizeti. Nimeshauliza maduka matatu, na bado natafuta. Mwenye nacho aniambie.