Duka la barua za marais: usinunue zile za ukutani

Kama unadhani barua za marais wa Marekani ni za matajiri tu, pita kwenye hili duka dogo la Philadelphia, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi. Ya Lincoln, sawa, utaishia kuitazama. Lakini mzee mwenye duka hadharau mfuko wa mtu. Anakuletea boksi la karatasi za wanasiasa wa karne ya 19 na kukuacha upekue kwa raha zako.

Nilichompendea, hauzi mbuzi kwenye gunia. Niliikodolea macho hati ya ardhi ya Andrew Jackson ya mwaka 1835. Kabla sijauliza bei akaniambia kuwa tangu 1833 katibu ndiye aliyekuwa akisaini hati hizo kwa niaba ya rais. Jina la Jackson, mkono wa mwingine, ndiyo maana inauzwa bei chee. Akatoa na barua ya Kennedy, akalaza juu yake nakala ya saini nyingine kwenye karatasi angavu. Zikalaliana bila kupishana hata unywele. Mashine hiyo! Binadamu hasaini hivyo mara mbili.

Mimi nilichukua karatasi ya anwani yenye saini ya John Quincy Adams, dola 350, pamoja na dhamana ya kurudishiwa pesa ikithibitika si yake. Huyu bwana alishakuwa rais, kisha akarudi Bungeni kama mbunge wa kawaida, 1831 mpaka alipofariki 1848. Wabunge hawakulipia posta. Mtu alisaini tu upande wa anwani, barua ikaenda bure. Bahasha zilikuwa bado adimu, hivyo karatasi yenyewe ilikunjwa na kubandikwa lakiri. Yangu bado ina kipande chekundu cha lakiri, na tundu pale ilipochanikia ilipofunguliwa. Wino umegeuka kahawia, herufi zinatetemeka kizee.

Kinachokera ni zile barua za kwenye fremu. Jua la dirishani linazipiga mchana kutwa, na mwanga ndio unaofifisha wino. Nilimwambia, akacheka tu. Basi ziacheni hapo hapo, ombeni za kwenye majalada.

Nyota nne. Piga simu kabla hujatoka, maana akienda mnadani hufunga duka bila hata kubandika karatasi mlangoni.