Utepe wa butili kwenye paa la raba linalovuja: nyota 4 kati ya 5

Kabla hujanunua, hakikisha paa lako ni raba kweli. Slabu nyingi hapa Nairobi zimefunikwa karatasi ya lami inayobandikwa kwa moto wa gesi, na fundi aliyezoea hiyo atapanda na mtungi wake bila kuuliza. Raba ya EPDM, yaani raba ya sintetiki ya kufunikia paa, haiyeyuki ikashikana, inaungua tu. Utaijua kwa kuwa ni nyeusi, haina changarawe juu, unene wake kwa kawaida ni milimita 1.2 au 1.5, na ukiivuta inarudi.

Nilichonunua ni mkebe wa praima (hupakwa kwanza ili utepe ushike), utepe wa raba wenye butili (gundi laini inayonata) mgongoni wa upana wa sentimita 20, rola ndogo na tyubu ya silanti ya kuzibia kingo. Maelekezo yanasema uso uwe mkavu, basi. Hayasemi utaukaushaje mwezi wa Aprili.

Doa la dari lisikuhadae: maji husafiri chini ya raba mpaka yapate ufa wa slabu. Anzia kwenye maungio, kona za ukuta na mdomo wa bomba la kutolea maji. Kanyaga polepole kando ya ungio; penye tundu, maji yaliyonaswa chini yatachuruzika au kutoa povu.

Masika mvua nyingi huku hushuka jioni na usiku, kwa hiyo kazi ianze kama saa tano asubuhi, umande ukiisha. Funga turubai juu kama hema, tandaza matambara yaliyoviringishwa upande wa juu wa mteremko yazuie maji, kisha futa kwa sponji. Sugua kwa sabuni na brashi, suuza, kausha kwa draya ya nywele (waya wa umeme usiguse maji), halafu pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na weusi, rudia. Ule unga mweusi ndio unaobandua viraka vingi, kuliko hata mvua.

Praima ipakwe nyembamba, ngoja mpaka ukigusa kwa kidole haitoi nyuzi. Hapa ndipo wengi hukosea wakati wa unyevu: praima inapokauka hupoza raba, na mvuke wa hewani hutua juu yake. Ukiona ukungu mweupe badala ya mng'ao, usibandike. Pasha joto kidogo, futa, paka upya. Tone moja la mvua likiangukia praima mbichi, ni kuanza tena.

Kiraka kipite tundu kwa angalau sentimita 7.5 kila upande, kona zikatwe mviringo kwa sababu kona kali ndizo huanza kunyanyuka. Bandika kuanzia katikati, sukuma hewa nje, kandamiza kwa rola kwa nguvu, maliza kingo kwa silanti. Baada ya hapo inyeshe itakavyo. Butili haihitaji kusubiri ikauke.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya mkebe: ukishafunguliwa kifuniko hakizibi tena vizuri, na praima iliyobaki hugeuka ulimbo.

Dawa ya kopo ya kuziba paa, yenye nyuzi ndani, ile inayopakwa hata mvua ikinyesha, iwekwe kwa dharura tu, na utalazimika kuikwangua yote kabla ya kubandika utepe. Lami ya kimiminika yenye mafuta usiikaribishe kabisa: huvimbisha raba na kuilainisha. Silikoni nayo haishiki EPDM, na mabaki yake huzuia gundi nyingine kushika.

Ukikanyaga paa ukasikia chepechepe, kuna maji chini au, kama raba imelazwa juu ya plaiwudi badala ya slabu, plaiwudi imelowa. Kiraka kitashika, lakini jua likiwaka maji hayo yatageuka mvuke na kuinua raba kama andazi. Hapo ziba kwa muda, subiri kiangazi, fungua, ng'oa mbao zilizooza kama zipo, ndipo ubandike kiraka cha kudumu.