Uzoefu wangu wa kucheza michezo mipya ya uigaji kwenye kompyuta ya mwaka 2014

Kompyuta ninayoizungumzia hapa ni ya mezani, mojawapo ya zile zilizoundwa kwa ajili ya kazi za ofisini mnamo 2014. Prosesa yake, yaani chipu inayopiga hesabu za kompyuta, ni Core i5-4590 yenye viini vinne. Ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zinazoendeshwa) ya GB 8 ya aina ya DDR3 pamoja na diski ya kawaida inayozunguka, na kadi yake ya grafiki, inayochora picha za skrini, ilikuwa GTX 750 Ti yenye kumbukumbu ya GB 2. Kwa kuandika, kuvinjari intaneti na kutazama video haijawahi kunisumbua. Nilichotaka kujua ni kama inaweza pia kubeba michezo ya uigaji ya miaka ya karibuni, yaani ile ya kujenga miji, kuendesha malori na kurusha ndege, na kama haiwezi, ni kifaa kipi hasa kinachostahili kubadilishwa kabla ya mtu kufikiria kununua mashine mpya. Baada ya kuitumia hivyo kwa muda mrefu, naweza kusema kwamba inabeba mengi kuliko inavyodhaniwa, ila kinachoibana si kile ambacho wengi hukitaja kwanza.

Mchezo ukianza kusuasua, kidole huelekezwa kwenye kadi ya grafiki. Kwa michezo ya kupigana na kufyatua risasi mara nyingi hilo ni kweli, lakini michezo ya uigaji ina tabia yake, kwa sababu prosesa inalazimika kupiga hesabu za kila kinachoendelea ndani ya mchezo, kiwe kinaonekana kwenye skrini au kimejificha upande wa pili wa mji. Chukua Cities: Skylines iliyotoka 2015. Kila mkazi ana nyumba yake, kazi yake na njia anayoitafuta kwenda na kurudi, na mchezo wenyewe umewekewa ukomo wa wakazi 65,536 wanaoweza kuwa safarini kwa wakati mmoja na magari 16,384. Mji wangu ulipokuwa mdogo kila kitu kilikwenda vizuri; ulipopanuka, picha ilibaki safi lakini saa ya mchezo ikawa inajikokota, na kitufe cha kasi ya tatu kikabaki pambo tu. Kupunguza vivuli na ubora wa picha hakukubadilisha chochote. Kuiongezea mashine ya namna hiyo kadi kubwa ya grafiki ni kama kumnunulia mpishi sahani pana ilhali jiko ndilo dogo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa senti yoyote, mtu anapaswa kwanza kujua ni kifaa gani kinachochelewesha vingine. Njia ninayoiamini ni kushusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, hatua ambayo inapunguza nukta za kuchorwa kutoka 2,073,600 hadi 921,600, yaani chini ya nusu. Idadi ya fremu (picha zinazochorwa) kwa sekunde ikipanda sana, basi kadi ya grafiki ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Isipopanda, au ikipanda kidogo tu, tatizo liko kwenye prosesa. Jaribio la pili ni kusimamisha muda ndani ya mchezo huku picha ikiendelea kuonyeshwa: mchezo ukilainika ghafla, hesabu za uigaji ndizo zilizokuwa zikiumiza. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ina msaada bora zaidi, kwa kuwa ukiwasha hali ya msanidi programu unapata kidirisha cha fremu kinachoandika waziwazi kama kikwazo ni prosesa au kadi ya grafiki. Natamani kila mchezo wa aina hii ungekuwa nacho.

Kitu cha kwanza kununua kilikuwa RAM, na kwa maoni yangu hicho ndicho kilichonipa faida kubwa kuliko vyote. Mfumo endeshi na kivinjari vilikuwa vinakula sehemu kubwa ya zile GB 8, na mji wenye majengo ya ziada yaliyotengenezwa na wachezaji wengine unaweza kuzimaliza zilizobaki bila shida. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia data kwenye diski, na kama diski hiyo ni ya kuzunguka, mchezo huganda kwa sekunde kadhaa kila unapoigeuza kamera. Nilipofika GB 16, kuganda huko kulikoma. Ni vyema RAM ikawekwa katika vipande viwili vinavyolingana badala ya kimoja kikubwa, kwa sababu hapo prosesa huisoma kupitia njia mbili kwa pamoja, na michezo ya uigaji huiona tofauti hiyo. DDR3 iliyotumika bado inapatikana kwa urahisi, kwani kompyuta nyingi za ofisini za wakati ule zimeshastaafishwa.

SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ilifuata. Haiongezi fremu, na anayeuziwa kwa ahadi hiyo anadanganywa. Inachofanya ni kufupisha muda wa kupakia mji au uwanja wa ndege, na kuondoa mikwamo midogo pale mchezo unapovuta mandhari mapya njiani. Hata SSD ya SATA, yaani ya kiunganishi cha zamani, ambayo kikomo chake ni takribani MB 550 kwa sekunde, iko mbali sana mbele ya diski ya kuzunguka. Tatizo ni nafasi: Flight Simulator ya 2020 ilitangazwa kwamba inahitaji GB 150, kwa hiyo SSD ndogo hujaa kabla hujaweka mchezo wa pili. Michezo ambayo siichezi mara kwa mara nimeirudisha kwenye diski ya zamani.

Kadi ya grafiki niliibadilisha mwisho, na hapa mashine za ofisini zina mtego wake. Pawasaplai yake ni ndogo na haina waya wa ziada wa kupeleka umeme kwenye kadi, hivyo kadi inayofaa ni ile inayojitosheleza kwa wati 75 zinazotoka kwenye nafasi yake kwenye ubao mama. Nilichagua GTX 1650 ya GB 4, toleo lisilohitaji waya huo, kwani si matoleo yake yote yaliyo hivyo. RX 6400 hutumia umeme mdogo zaidi na niliifikiria, lakini imeundwa kuwasiliana na ubao mama kwa njia nne tu za PCIe (kiunganishi cha kadi na ubao huo), jambo ambalo haliumizi sana kwenye ubao mpya wa PCIe 4.0 ila hupunguza nguvu zake kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 kama wangu. Siku hiyohiyo nilisafisha vumbi na kupaka upya dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. Prosesa iliyopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na hakuna mpangilio wa mchezo unaoweza kurekebisha hilo.

Kwa upande wa michezo yenyewe, Euro Truck Simulator 2 ndiyo iliyonipa raha bila masharti. Ilitoka 2012 lakini watengenezaji wake, SCS Software, wameendelea kuipanua mwaka hadi mwaka, na mashine hii inaimudu vizuri. Mpangilio mmoja unaostahili kuangaliwa ni ubora wa vioo vya pembeni, kwa sababu kila kioo huulazimisha mchezo kuchora barabara upya kutoka upande mwingine. Nilipouteremsha huo pamoja na vivuli, sikuhitaji kugusa mengine.

Flight Simulator ya 2020 ilinichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo iliyonifundisha mengi. Masharti yake ya chini kabisa yanataja Core i5-4460, ambayo ni ndugu wa karibu wa prosesa yangu, GTX 770 na RAM ya GB 8, kwa hiyo nilikuwa mlangoni kabisa. Sasisho kubwa lililotolewa Julai 2021 liliipunguzia prosesa mzigo kwa kiasi kinachoonekana, na bila hilo nadhani ningekata tamaa. Kiwango cha undani wa ardhi nimekishusha hadi 50, kwa kuwa ndicho kinachoipa prosesa kazi kubwa, na nimepunguza ndege na magari yanayozunguka viwanjani. Skrini za kidijitali za chumba cha rubani nazo zina mpangilio wao wa kasi ya kuonyeshwa upya, nao nimeuweka chini. Mawingu, kinyume na nilivyodhani, nimeyaacha katikati kwa sababu ni mzigo wa kadi ya grafiki, na GTX 1650 ina nafasi. Kisha nimeweka ukomo wa fremu 30 kwa sekunde. Fremu 30 zilizotulia ni bora mara nyingi kuliko fremu zinazopanda hadi 45 na kuporomoka hadi 22 wakati wa kutua. Cessna 152 juu ya vijiji na milima huruka bila kasoro. Airbus A320neo ikikaribia jiji kubwa bado inaipa prosesa taabu, na sioni mpangilio utakaoiondoa.

Cities: Skylines II haikuwezekana. Mchezo huo wa Oktoba 2023 unataja Core i7-6700K na GTX 970 kama kiwango cha chini, na prosesa yangu haifiki hapo. Niliununua nikifahamu kwamba Steam, duka la michezo la mtandaoni, hurudisha pesa iwapo ombi limetumwa ndani ya siku 14 na mchezo haujachezwa kufikia saa 2, nikaujaribu kwa mji mdogo, nikauona unavyojikokota, nikaurudisha, na pesa ikarejea bila maswali. Mtu mwenye mashine ya zamani anapaswa kuutumia utaratibu huo bila aibu, ila asiziteketeze saa hizo mbili kwenye mafunzo ya mwanzo, kwani hapo mji bado ni mtupu na hauonyeshi uzito halisi wa mchezo.

Kwa mchezo ulionishinda namna hiyo kuna huduma za kucheza kupitia seva za mbali, kama GeForce NOW, ambapo kompyuta yako hupokea video tu. Huduma hiyo inataka intaneti ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 15 kwa picha ya 720 na Mbps 25 kwa picha ya 1080, zote kwa fremu 60. Mbps 15 zikitumika mfululizo ni takribani GB 6.75 kwa saa, hesabu ambayo mwenye kifurushi chenye kikomo asiipuuze. Kwa kujenga miji ucheleweshaji wa sehemu ndogo ya sekunde hauonekani kabisa. Kwa kutua na ndege kwenye upepo wa ubavuni, mimi nauhisi mkononi, na ndiyo maana Flight Simulator naendelea kuichezea kwenye mashine yangu.

Limebaki suala la mfumo endeshi. Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tangu Januari 1, 2024, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi hiki. Euro Truck Simulator 2 na Cities: Skylines ya kwanza zote zina matoleo ya Linux, mfumo endeshi mwingine, kwa hiyo nimezihamishia huko. Windows 10 imebaki kwenye sehemu yake ya SSD kwa ajili ya Flight Simulator peke yake, na siifungulii barua pepe wala akaunti yoyote ya fedha.