Fundi wa Katuba aliyenifungia kinga ya pinyo fikse

Nilitafuta mtu wa kunijengea kinga, yaani baiskeli, ya pinyo fikse (gia ndogo ya nyuma iliyokazwa moja kwa moja kwenye gurudumu) hapa Lubumbashi kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na nilikaribia kuumia kabla ya kumpata. Sasa naingia mwezi wa tano nikiiendesha. Fundi mwenyewe ni mzee, hana kibao mlangoni na hataki jina lake liandikwe, lakini amenipa ruhusa nieleze kazi yake.

Kwa asiyeijua kinga hii: gurudumu la nyuma halina friwili. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka nalo, na hata kwenye mteremko miguu haipumziki. Ukitaka kupunguza mwendo unaikaza miguu kinyume. Ni kinga ya mashindano ya pisti, ule uwanja wa kuzunguka wa kinga, na huko pistini haifungwi breki hata moja. Baba yangu alikuwa akimsimulia Eddy Merckx, yule Mbelgiji bingwa wa kinga, kama wengine wanavyosimulia wachezaji wa Mazembe: mwaka 1972, Mexico City, km 49.431 ndani ya saa moja, juu ya kinga ya chuma isiyo na friwili. Nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Fremu ilitoka Brussels. Dada yangu aliiokota kwenye soko la vitu vya zamani la Marolles, akaituma kwenye sanduku na mzigo wa watu. Rangi ya bluu iliyochakaa, kibandiko cha Reynolds 531, aina ya mabomba membamba ya chuma, kimebanduka nusu, uma wa mbele hauna tundu la breki. Gurudumu la nyuma halikuwemo. Na kwenye bomba jembamba la nyuma, pale linapoungana na kishikio cha ekseli, kulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha.

Karakana ya kwanza niliyoipelekea fremu ipo mjini, siitaji. Walichukua habu (kitovu cha gurudumu) ya kawaida ya friwili, wakafunga pinyo juu yake, kisha wakaikaza kwa ringi ya ekseli ya pedeli na gundi. Ufa wakaufunika kwa rangi. Nikalipa, nikaondoka nimefurahi. Siku ya tatu nikiwa nashuka kuelekea katikati ya mji, lori likasimama mbele yangu, nikaikaza miguu kinyume, na pinyo ikafunguka. Nilisikia inavyolegea: pedeli zikarudi nyuma bure kama za mtoto anayecheza. Breki ya mbele sikuwa nayo. Niliparamia ukingo wa barabara, nikaangukia mkono. Mkono ulipona kwa wiki mbili. Nafundisha fizikia shule ya sekondari, na wiki hizo mbili niliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Aliyenielekeza Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, ni muuza makala (makaa), mmoja wa wale wanaoingia mjini alfajiri wakisukuma kinga zenye magunia matatu au manne. Alisema, "Fremu ikivunjika, sisi wote tunaenda kwa yule Papa." Nikaamini papo hapo. Mtu anayebeba makala kwa kinga hawezi kudanganywa kuhusu fremu.

Mzee aliipindua kinga, akaishika ile ringi kwa vidole viwili, akaifungua bila ufunguo. Akaniangalia.

"Mama, hii njo kifo. Shiwezi kufungia mutu kifo."

Kisha akanieleza, na maelezo yake ni sahihi kifizikia, nimeyarudia darasani. Pinyo inafungwa kwa uzi wa kulia, uzi kama wa skrubu: ukikanyaga mbele inajikaza. Ukikaza miguu kinyume inataka kufunguka. Ndiyo maana habu ya kweli ya pisti ina ngazi ya pili, nyembamba kidogo, yenye uzi wa kushoto, na ringi yake inafungwa upande huo. Pinyo ikianza kufunguka inaisukuma ringi, na ringi inazidi kujikaza. Ile ya mjini ilikuwa na uzi wa kulia juu ya uzi wa kulia. Vyote viwili vinaondoka pamoja.

Habu ya pisti haipatikani Lubumbashi. Nilidhani ataniambia niagize Ulaya. Badala yake aliniuliza kama naweza kungoja, maana alitaka kuikereza mwenyewe kutoka kwenye kipande cha chuma. Alijifunza kukereza kwenye karakana za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, akiwa kijana, na mashine yake ni ya zamani kiasi kwamba namba zimefutika kwenye vishikio. Nilirudi mara tatu kumtazama akifanya kazi. Kukata uzi wa kushoto alifanya polepole sana, akisimamisha mashine kila mara, akipangusa mafuta kwa kidole, akijaribisha ringi. Ringi yenyewe aliichonga pia, na ufunguo wake akaukata kwenye bamba la chuma. Ufunguo huo naubeba kwenye mkoba kila siku.

Ufa ulikuwa kazi nyingine. Mchomeleaji jirani alijitolea kuupiga arki, yaani kuuchomelea kwa umeme, mzee akakataa kwa mkono tu. Mabomba ya 531 hayafiki unene wa milimita moja, arki ingeyatoboa. Aliwasha gesi, akapaka boraksi, akapasha mpaka chuma kikawa chekundu kama embe lililoiva upande wa jua, kisha akagusisha ufito wa shaba ya njano. Shaba hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, chuma kinahitaji karibu 1,500. Kwa hiyo bomba lilibaki bomba, na shaba ikaingia ndani ya ufa yenyewe, ikanyonywa kama maji kwenye kitambaa. Nilipata raha isiyo ya kawaida kuona kinga yangu ikishikwa na shaba katika mji huu wa shaba, na zinki iliyochanganywa humo ni madini ya aina ya yale ya mgodi wa Kipushi tunayoyajua tangu utotoni.

Uma aliutoboa kwa ajili ya breki ya mbele, akatia bomba dogo ndani ili tundu lisiudhoofishe. Hapo hakuniuliza. Nilikuwa nimesema sitaki breki, nataka kinga safi kama ya pisti. Alijibu kwamba pistini hakuna minibasi. Namshukuru kila nikipita mtaa wa Kamalondo.

Mnyororo ulikuwa rahisi: ni mpana uleule wa kinga za kawaida za Kichina, unauzwa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Alivuta uzi wa kushonea kutoka meno ya mbele hadi pinyo ya nyuma, akainama, akafumba jicho moja, akaongeza washa nyembamba upande mmoja mpaka uzi ukanyooka. Mnyororo ukienda upande kwenye kinga ya namna hii unaweza kuchomoka, na ukichomoka gurudumu linaweza kujifunga.

Nilichagua meno 46 mbele na 17 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli unanisogeza karibu m 5.7, na nikizungusha mara 80 kwa dakika nakwenda km 27 kwa saa. Rafiki alinishauri 48 kwa 16. Hesabu hiyo inagawanyika sawasawa, 3 kwa 1, kwa hiyo kila ukifunga gurudumu kwa mguu uleule tairi inasugua lami mahali palepale. Kwa 46 na 17 inasugua sehemu 17 tofauti. Tairi hapa ni ghali.

Asubuhi saa kumi na mbili, barabara ya Kasapa ikiwa bado tupu, kinga hii inatulia chini yangu kuliko kinga yoyote niliyowahi kuendesha. Naiona barabara kwa miguu. Mchanga mwekundu ukianza, nausikia kwenye pedeli kabla sijauona. Mvua ikinyesha sitoki nayo, mashimo yakijaa maji hayaonyeshi kina chake, na mimi siwezi kuacha kukanyaga ili niyaruke.

Kasoro zipo. Aliniambia wiki moja, zikawa wiki tano, kwa sehemu kwa sababu ya umeme kukatika, kwa sehemu kwa sababu wenye makala wanapita mbele yako kwenye foleni, na mzee hafichi kwamba wao wanakula kwa kinga zao. Hatoi risiti. Rangi alipaka kwa brashi na imeacha michirizi kwenye bomba la juu. Nililipa dola 85 kwa kila kitu, mnyororo na spoki ndani yake, na alitaka noti zisizo na mkunjo.

Ukienda, beba fremu yenyewe, usibebe picha kwenye simu. Mzee hasemi bei ya kitu ambacho hajakigonga kwa kucha. Jumamosi nampelekea gurudumu la mbele, spoki mbili zimeanza kulia.