Testa (kipima umeme) ya elfu 15 imenisevia laki na ishirini ya stata, mota ya kuwashia injini (uzoefu wangu)

Gari yangu ni Toyota IST, mwaka wa tatu huu ninayo na haijawahi kunisumbua zaidi ya bushi. Jumatatu asubuhi nageuza ufunguo inapiga "ka!" moja halafu kimya. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaimba, honi inalia, narudia tena "ka!", na watoto washakaa nyuma na mabegi yao. Tukapanda bajaji.

Jioni akaja fundi wa mtaani, akasikiliza mara mbili tu akasema bosi stata imekufa hiyo, nenda Ilala kachukue ya mtumba laki na ishirini, hela ya kufunga tutaongea. Jirani naye akasema acha kupoteza hela, betri hiyo. Tukabusti na gari yake Noah (yaani kuazima umeme wake), betri kwa betri, ikaendelea na "ka!" yake vilevile. Ninayo na ile skana ya bluetooth ya kuchomeka chini ya usukani, nikaunganisha na simu, haina kodi (namba ya hitilafu) hata moja, kwa mujibu wake gari nzima kabisa. Yaani kompyuta inafuatilia sensa zake, habari za nyaya nene za stata haina.

Kesho yake nikapita Kariakoo nikanunua testa, ile ndogo ya njano DT830D, wameanzia elfu 20 tukamalizana kwa 15.

Jinsi nilivyopima: kitufe cha kuzungusha nimeweka 20 upande wa volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chanya, ikasoma 12.5. Safi. Nikamwambia mama watoto ashike ufunguo kwenye stati huku mimi naangalia, ikashuka mpaka 12.2 tu ikagoma hapo. Hapa ndo utamu wenyewe, maana betri nzima ikipigishwa stata inashuka mpaka kumi na kitu, ikienda chini ya 9.6 ujue betri ndo mgonjwa, sasa hii imeshuka kidogo tu, kwa hiyo umeme upo ila stata hainywi. Ama stata kweli imekufa ama njia imeziba.

Nikaacha mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu nikaugusisha kwenye chuma cha injini penyewe, mahali pasipo na rangi. Bila kuwasha inasoma 0.00, ungeangalia hapo ungesema athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) iko poa. Nikapiga kelele "washa!", ikaruka mpaka 7.84. Nikadhani nimekosea, tukarudia, 7.8 tena. Asee! Kati ya betri na injini hapatakiwi kupotea hata nusu volti, na hapa volti karibu nane zinaishia njiani. Nikafuata waya wa athi unaoingia kwenye giaboksi, kufungua bolti kwa spana namba 12 nakuta chini yake unga wa kijani na kutu, waya umekaa tu kama pambo. Nikapiga msasa pande zote mbili, nikakaza, "washa!", ikashika mara moja kama imetoka bandarini leo. Nikapima tena wakati wa kupiga stata, 0.15. Injini ikiunguruma kwenye betri 14.1, altaneta (inayochaji betri) nayo nzima. Halafu ndo nikakumbuka ile siku ya kubusti, tungebana waya wa hasi kwenye injini badala ya kwenye betri gari ingewaka palepale.

Sasa mabaya ya testa, maana yapo. Nyaya zake nyembamba na fupi, peke yako huwezi kupima na kugeuza ufunguo, lazima uwe na mtu ndani (na gari iwe P na hendibreki juu, mikono yako iko karibu na feni). Kioo hakina taa, nilimulika na simu. Tundu la 10A kwenye yangu limeandikwa kabisa halina fyuzi, na stata inakula zaidi ya ampea 100, kwa hiyo usijidanganye kupima ampea za stata kwa hiki kidude, volti tu. Na betri yake ya ndani ya volti 9 ilikuja imechoka, wiki ya pili nikapima gari ikasoma 15.9, nikaanza kuwaza altaneta inanichomea betri, kumbe betri ya testa ikiisha inasoma juu. Nimebadilisha, ikarudi 14.1.

Nyota 4, moja nimeikata kwa sababu ya zile nyaya, mmoja ushaanza kuchomoka kwenye ncha nikaufunga na selotepu. Fundi alipoona gari inatembea akaniuliza stata nimeipata kwa bei gani.